Godoro Lililokaliwa Majilio Yote

Mzee Chumvi alipewa jina hilo na watu waliochoka kumkanusha. Ukimwuliza kwa nini anaimba amefumba midomo nusu, atakwambia alijifunza kuimba akiwa na misumari kinywani, na hilo ni kweli tupu. Mafundi wa makochi huweka misumari midogo mdomoni, wakiisogeza mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, mkono huu ukivuta kitambaa na ule ukishika nyundo. Lakini Mzee hataishia kwenye kweli, maana kweli peke yake humpa kiungulia. Ataendelea kukusimulia jinsi siku moja, kwenye ubeti wa tatu, alivyovuta pumzi vibaya akameza msumari, na msumari ule ukamtokea sikioni Jumapili iliyofuata, katikati ya mahubiri, ukaruka na kumchoma jirani yake aliyekuwa amesinzia.

"Akaamka, akaokoka," humalizia. "Mungu hadharau kifaa."

Siku hizi alikuwa amestaafu. Karakana aliwaachia vijana wenye mashine, yeye akabaki na chumba cha mbele cha nyumba yake: meza ya kazi, kopo la misumari, gunia la mabaki ya sponji, na kiti kimoja kikubwa cha mikono alichokitengeneza kwa ajili ya makalio yake mwenyewe, asikikopeshe mtu. Mkewe alikuwa ametangulia. Kilichomtoa nje ya nyumba ni kwaya, ambako aliimba sauti ya tatu na kuleta ghasia ya kwanza.

Ghasia yenyewe ilitokana na kalenda. Mwalimu wa kwaya alikuwa mpima ardhi. Mchana alipima viwanja vya watu, jioni alipima sauti zao. Kwake mwaka wa kanisa ulikuwa shamba lililogawanywa, kila kipande na mawe yake ya mpaka. Majilio ni Majilio: majuma ya kungoja, ya nyimbo za polepole zinazosema njoo. Nyimbo za Krismasi hazitoki kabatini mpaka mkesha.

"Mipaka ni mipaka," Mwalimu alikuwa akisema. "Ukiimba amezaliwa kabla hajazaliwa, umevamia kiwanja."

Basi mvamizi sugu alikuwa Mzee Chumvi. Kila mwaka, Majilio hayajakauka wino, utamsikia kule nyuma akichomekea wimbo wa Krismasi ndani ya wimbo wa kungoja, kama mtu anayetia kitambaa cha maua ndani ya suti ya msiba. Nyimbo za Majilio aliziita nyimbo za foleni.

"Njoo, njoo, njoo, kama watu waliopanga ndoo bombani!" alilalamika. "Mwenyewe si alishakuja? Ana umri mkubwa kuliko jengo hili. Mnamngoja nani?"

"Tunangoja, Mzee wangu, kwa sababu asiyejua kungoja hajui kupokea."

"Hayo ni maneno ya mtu anayelipwa kwa siku."

Hapo fundi cherehani wa besi, waliyemwita Ngurumo, huangua kicheko kilichotikisa vioo, na mazoezi yakawa yameharibika.

Mwaka huu mambo yaligeuka. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alirudi nyumbani na begi moja na amri ya daktari: alale, asiinue kitu, asipande ngazi, mpaka Januari. Mumewe, dereva wa malori ya mbali, ndiye aliyemleta. Alimbeba kutoka getini hadi ndani kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye utelezi, akamlaza, akamfunika, akasimama pale mlangoni hadi barabara ilipomwita kwa simu mara ya tatu. Mzee akakisukuma kitanda hadi chumba cha mbele, karibu na dirisha, ili binti asibaki peke yake na dari.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Waliosema hivyo hawakuwahi kuingia chumba kile. Mimba hii ilikuwa ya tatu. Ya kwanza iliharibika watu wakiwa ndiyo kwanza wameanza kupongeza. Ya pili iliharibika nguo zikiwa zimeshafuliwa, zimekunjwa, zimepangwa.

"Baba," binti alisema siku ile ile ya kwanza, "nina sheria moja. Humu ndani sitaki 'akija'. Sitaki jina, sitaki nguo, sitaki mtu aseme 'mtoto'. Ni mimi na tumbo langu, basi."

"Na akicheza humo ndani?"

"Akicheza ni gesi."

"Haya, mama. Nitamheshimu Bwana Gesi."

Binti aligeuza uso ukutani, ila Mzee aliona shavu likitikisika kidogo, akajihesabia ushindi.

Sasa, mtu hustaafu, mkono haustaafu. Juma lile lile, binti akiwa usingizini mchana, Mzee alijikuta ameshika kipande cha sponji kutoka kwenye gunia lake, sponji nzuri nzito, iliyobaki alipokarabati viti vya benki moja. Alikuwa amekishika tu. Halafu mkasi ukawa mkononi. Halafu pembe zikawa zimekatwa mviringo. Kufika jua la alasiri kulikuwa na godoro dogo mezani, limevalishwa pamba nyeupe, pindo zimeshonwa kwa mkono, uzi haujitokezi hata ukiutafuta kwa kidole. Ndipo akili ikaufikia mkono, na Mzee akaingiwa na baridi. Kitandani binti anajinyoosha. Kabati anaifungua yeye. Chini ya kitanda pana begi lake.

Mzee akainua mto wa kiti chake, akalilaza godoro hapo, akarudisha mto juu, akakaa.

Binti alifungua macho. Akamtazama baba yake kwa muda.

"Mbona umerefuka, Baba?"

"Ni Majilio hayo. Mtu akingoja sana hunyooka shingo, halafu mwili mzima unafuata. Nilimjua mwanamume mmoja aliyengoja pensheni mpaka akawa anaingia mlangoni kwa kuinama."

Binti alijiinua kidogo kwenye mto. Alikuwa na jicho la mama yake, lile lililojua chumvi imezidi, iwe kwenye mchuzi au kwenye maneno. Likatua kwa Mzee, likatua kwenye kiti, likaenda zake dirishani.

Tangu hapo Mzee akawa anakaa juu kidogo kuliko watu wengine duniani. Kila alipokaa aliingiwa na haya, na kila alipoinuka aliingiwa na hofu. Subira yavuta heri, alijiambia, lakini hajawahi kusikia subira inayokaliwa.

Alasiri moja ya Jumapili, baada ya ibada, alikuwa akipiga kitambaa kipya kwenye kigoda cha jirani. Misumari ilikuwa kinywani, nyundo ilikuwa ikienda, na bila kufikiri akaanza kuvumisha puani wimbo wa Krismasi, ule wa kengele na shangwe ambao Mwalimu angemfukuzia nje.

"Baba, acha."

"Nyundo?"

"Wimbo."

"Huu? Huu ni wa furaha, mama. Mwalimu tu ndiye mwenye roho ya..."

"Hizo nyimbo zinajua mwisho," binti alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Mzee zaidi. "Wanaoziimba wameshajua kwamba mama alijifungua salama. Mtoto analia, wachungaji wamefika, kila mtu ni mzima. Nani atashindwa kuimba hapo? Mimi mwisho siujui."

Mzee akasukuma misumari shavuni. Ndani yake hadithi ilikuwa imeshaamka, inajinyoosha, inatafuta viatu. Maana ndivyo alivyoumbwa, hawezi kuona pengo asilijaze.

"Unajua jana nimeota..."

"Usithubutu."

Nyundo ikakaa hewani.

"Ile ya pili uliota anakimbia uani na viatu vyekundu," binti alisema. "Ukanisimulia mpaka kamba zake, za njano. Baba, nilikwenda nikavinunua."

Mzee hakulijua hilo. Alikuwa amezoea uongo wake uruke kama njiwa wa kufugwa, uzunguke mji na kurudi nyumbani bila kumdhuru mtu. Hakujua kama mmoja ulitua mahali, ukanunuliwa viatu.

"Viko wapi?"

"Nilimpa jirani. Mwanawe alivivaa mpaka vikatoboka. Kila asubuhi wakipita nilikuwa navisikia."

Mzee akaishusha nyundo, akailaza sakafuni kando ya kigoda. Hatimaye binti mwenyewe ndiye aliyemwonea huruma.

"Kama ni lazima uimbe, imba ule usiojua."

"Upi huo?"

"Ule wa foleni. Ule wa kugombana na Mwalimu kila mwaka."

Mzee akaitema misumari yote kwenye kopo. Hakukumbuka mara ya mwisho kuuimba wimbo ule kinywa kikiwa wazi kabisa. Akaanza chini, kwa sauti iliyokuwa na vumbi:

*Bado ni giza, Bwana, bado twakesha,*
*mafuta ya taa yanapungua;*
*hatuijui saa utakayofika,*
*ajaye tunamjua.*

Miaka yote alikuwa akiuimba huku anafikiria chai ya baada ya mazoezi. Aliamini walioutunga ni watu baridi, wapenda kungoja kwa ajili ya kungoja tu. Sasa, katikati ya mstari wa pili, akaona taa yenyewe, akaona na mkono wa mtu anayeitikisa taratibu asikilize kilichobaki ndani. Kumbe hawakuwa watu baridi. Walikuwa wanaogopa. Walikuwa wanaogopa, na bado walisimama mlangoni wakaimba.

"Huo mstari wa mwisho," binti aliuliza, "unauamini?"

Chumvi ilikuwa karibu, angeweza kuitia bila hata kunyoosha mkono.

"Saa siijui, mama," alisema. "Mwisho siujui. Nikikwambia naujua nitakuwa nakuuzia viatu vingine. Lakini huyo ajaye namjua. Mama yako alipolala kitanda kama hicho nilimwomba Bwana aniambie mwisho, na hakuniambia. Ila alikaa."

"Alikaa wapi?"

"Hapo hapo, na sisi. Hakuondoka. Hata baada ya mazishi."

Binti alivuta shuka hadi kidevuni. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Rudia. Ulianza chini mno, sauti ya pili haina pa kuingilia."

Basi wakawa wanauimba kila alasiri, baba sauti ya tatu, binti sauti ya pili, na ile ya kwanza wakaiachia nafasi yake. Haukumwondolea binti hofu, maana wimbo si dawa ya sindano. Lakini hofu iliyokuwa imejaa chumba kizima ilijisogeza ikakaa upande mmoja, kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.

Kwayani watu waliona mabadiliko wakashtuka. Mzee Chumvi alikuwa anaimba nyimbo za Majilio mpaka mwisho, bila kuvamia. Mwalimu alimwuliza mara mbili kama anajisikia vizuri.

"Mzee," Ngurumo akanong'ona, kwa mnong'ono wake uliosikika hadi barabarani, "ina maana daktari kakupunguzia chumvi?"

Krismasi ikafika. Kanisani Mzee alisimama na wenzake, shangwe zikapigwa, na hakuzionea wivu. Ila kila walipofika penye kusema amezaliwa, macho ya moyo wake yalikwenda kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, akaona haya, kama mtu aliyetangulia kula kabla mgonjwa wake hajapakuliwa.

Kwaya ile ilikuwa na utaratibu wa kuwazungukia walioshindwa kufika ibadani. Mzee alikimbilia nyumbani kutangulia, akabadili maji ya maua, akakaa kwenye urefu wake. Haikuchukua muda, geti likalia, mavazi meupe yakajaa uani, kinanda cha mkononi kikavuta pumzi. Mwalimu akainua kidole.

Mzee akatoka mbio, akaufunga mlango nyuma yake.

"Msiimbe huo!"

"Upi?" Mwalimu aliuliza.

"Huo wa amezaliwa. Imbeni ule wa foleni."

Kinanda kikatoa sauti ya puto linaloishiwa. Wa kwanza kucheka alikuwa Ngurumo.

"Jamani nishikeni! Huyu alituimbia Krismasi jua la Oktoba linachoma. Leo ndiyo yenyewe, hataki!"

"Mzee wangu," Mwalimu alisema kwa upole wa mtu aliyeumwa na nyoka huyo huyo miaka mingi, "Majilio yamefungwa jana. Hatuwezi kurudi nyuma ya jiwe la mpaka. Kama ni utani, tafadhali, watu wamechoka na jua."

Mzee alikuwa na hadithi tayari, nzuri, ina malaika ndani yake na mkokoteni. Akaiangalia, akaiacha ipite.

"Si utani. Mwanangu yuko humo ndani. Mnajua ya nyuma, sina haja ya kuyafukua. Mkiingia na habari kwamba mtoto kashazaliwa, yuko salama, tufurahi, mtakuwa mnasema kweli. Lakini mtamwacha yeye peke yake foleni, sisi tumeshahudumiwa. Miaka yote mliimba njoo na mimi nikawacheka. Nilidhani ni wimbo wa watu wasiojua kwamba alishakuja. Kumbe ni wimbo wa kumngojea mtu pamoja na mwenzako. Humu ndani, Mwalimu, bado hajafika."

Ngurumo alikuwa ameacha kucheka. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la vazi, akatembea uani hatua chache na kurudi, kama mtu aliye kazini.

"Watu wakigombania mpaka," alianza, "kila mmoja hunionyesha karatasi yake. Mimi karatasi naiweka mfukoni kwanza. Nachimba nitafute jiwe, maana mpaka hauko kwenye karatasi, uko lilipo jiwe." Akaurudishia uso miwani. "Nimekuwa nikiwapimia Majilio kwa kalenda. Lakini jiwe la Majilio si tarehe. Jiwe ni kuja kwake. Alikuja, tumetoka kuliimba hilo, ni kweli na litabaki kweli. Na asubuhi hii hii, kwa vinywa hivi hivi, tumekiri kwamba atakuja tena. Sasa kati ya jiwe lile na jiwe hili..."

Akaugeukia mlango uliofungwa.

"Kumbe sote tunaishi kiwanja kimoja," alisema polepole. "Yeye, na sisi tuliovaa nyeupe."

"Kwa hiyo tunaimba au tunapima?" Ngurumo aliuliza, sauti yake safari hii ikiwa chini kweli.

"Tunaimba. Wa Majilio. Na besi msibweke, mle ndani kuna mtu amelala."

Wakaingia kwa kunyata, watu wazima wenye viatu vya ibada, wakapanga mstari kuanzia meza ya kazi hadi gunia la sponji. Binti alijikaza, akavuta shuka, akakaza na uso kama mtu anayengoja kupongezwa kwa jambo ambalo hana. Mzee akarudi kwenye kiti chake, juu ya mto, juu ya siri yake.

*Bado ni giza, Bwana, bado twakesha...*

Uso wa binti ukabadilika. Akamtazama baba yake, akamtazama Mwalimu, akautazama mstari mzima wa watu waliokuja kwake siku ya Krismasi wakiwa hawajui mwisho. Kwenye mstari wa pili midomo yake ilianza kusogea. Wa tatu alishaingia na sauti yake ya pili, nyembamba, haina mazoezi, lakini mahali pake pakiwa palepale. Sasa hata sauti ya kwanza ilikuwa na mwenyewe.

*Ajaye tunamjua.*

Hakuna aliyepiga makofi. Redio ya nyumba ya tatu ilikuwa ikipiga kengele za Krismasi, na ajabu, hazikugombana na ukimya ule.

Binti aliweka mkono tumboni, akautuliza hapo.

"Gesi?" Mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, Baba."

Akavuta pumzi. Kila mtu chumbani alijua kwamba linakuja neno, ila hawakujua ni lipi.

"Baba, inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Inuka kwenye hicho kiti. Majilio yote umekalia godoro la mtoto. Akija atalala kwenye umbo la makalio ya babu yake."

Kicheko cha Ngurumo kilitaka kutoka, kikakutana na machozi njiani, vikakwama vyote. Mzee Chumvi aliinuka, akashuka kimo mbele ya watu wote. Alitoa mto. Akalivuta godoro dogo, jeupe, akalibeba kwa mikono miwili, akaliweka kitandani kando ya binti yake.

Lilikuwa limebonyea katikati, bonde la haki kabisa. Binti alilipapasa pindo akitafuta uzi, asiuone. Kisha sponji, kama sponji nzuri inavyofanya ikiondolewa uzito, ikaanza kujiinua yenyewe, taratibu mno.

Kwaya nzima, mpima ardhi na fundi cherehani wote pamoja, ikasimama kuingoja.